Aliyebaki na Pasi

Bi Rukia tulimzika mwezi uliopita, na Jumapili iliyofuata siku ya thelathini binti yake Latifa alikuja kwangu La Rochelle, hapa Johannesburg, na karatasi mbili, moja ya Kiingereza aliyoandika mwenyewe na moja ya Kiswahili aliyotafsiriwa na mtu. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, mkoba magotini, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. "Anti, soma, please. Uangalie kama iko sharp, iko sawa." Mimi nimeishia darasa la tatu. Kusoma najua, lakini nasoma kama ninavyoshona pindo, polepole na kidole kikitangulia, na sipendi mtu anitazame nikisoma. Nikamwambia achemshe chai. Alipokuwa anahangaika na birika nikasoma kwamba bibi yake, Mwantumu binti Kombo wa Tanga, alitembea mbele ya mstari akiwa na mimba ya miezi tisa, na kwamba mama yake, marehemu Bi Rukia, alikwenda bomani akiwa tumboni. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya shahidi. Shahidi kwa kanuni yetu ni mwanachama mzee kuliko wote katika tawi, na tangu Bi Rukia alazwe ardhini, huyo ni mimi.

Kwa asiyejua: sisi tunaitwa Mabinti wa Mstari, tawi la Johannesburg. Zamani, kabla ya uhuru, wanawake wa Tanga mjini walivaa magauni meupe siku moja wakapanga mstari kutoka Ngamiani mpaka bomani kwa Bwana DC, kudai wakubwa wa chama waruhusiwe kuhutubia. Wengi wao walikuwa wanawake wa ngoma, wamezoea kutembea pamoja kwa hatua moja. Mabinti na wajukuu wao walikuja kuunda jumuiya ili jambo lile lisipotee, na kila mji waliokwenda wakafungua tawi. Johannesburg tulikuwa wachache, karibu wote mtaa wa Mayfair, na mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba: lazima mama yako au bibi yako awe alikuwemo mstarini, na lazima ithibitike. Latifa alitaka kuingia. "Mimi nimezaliwa hapa, Anti," aliniambia akiniwekea kikombe. "Watoto wangu wakisemeshwa Kiswahili wanajibu kwa Kizulu. Nataka niwape kitu chenye jina. Usipoweka sahihi sina kitu." Nikamwambia karatasi aiache. Nikamwambia arobaini ni Jumamosi, nitampa jibu mbele ya akina mama, kwa utaratibu wa zamani. Akauliza utaratibu gani. Nikamwambia anywe chai.

Alipoondoka nikashusha kopo la biskuti juu ya kabati. Nimekaa mji huu karibu miaka thelathini, nina nyumba hii na vyumba vitatu vya kupangisha, nina chumba cha mashono chenye cherehani sita na wanawake wanne ninaowalipa, na sikupewa hata kimoja na mtu. Huwa nasema hivyo kwa sauti, wanaonifahamu wamechoka kunisikia. Lakini ndani ya kopo lile kuna kaseti inayojua kwamba kimoja nilipewa: kiti cha cherehani cha kwanza, kile cha dirishani, nyumbani kwa Bi Rukia. Nataka niandike nilivyokipata.

Mwaka ule nilikuwa mgeni. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuja mwezi wa baridi, na hakuna aliyeniambia kwamba Afrika kuna mji ambao maji kwenye ndoo huganda juu. Nilipata chumba hukuhuku La Rochelle, nikakipanga pamoja na Solange, msusi kutoka Lubumbashi, Mkristo wa kuimba asubuhi. Tulitenganisha vitanda kwa shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Kazi nilipata Mayfair kwa Bi Rukia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mjane, mwenyekiti wa tawi, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba cha kushonea chenye dari ya bati lililochorwa maua, cherehani nne, na dirisha moja kubwa linalotazama ukuta wa jirani. Walishona mabuibui, kanzu, sare za shule na mapazia. Wanne waliokalia cherehani wote walikuwa Mabinti wa Mstari. Mimi nilifagia, nikaokota pini kwa sumaku, nikapiga pasi, nikapika cha mchana.

Chakula kilikuwa wali wa nazi ya kopo na mbaazi, Ijumaa samaki, na sijawahi kupika kwa mikono yenye hasira kama mwaka ule. Kushona nilijua. Nilikuwa najua vizuri kuliko wawili kati ya wale wanne, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu nilikuwa napiga pasi kazi zao na pasi haimfichi mtu. Kwapa limevutwa, kola imepinda, pindo linapanda na kushuka kama ngazi. Nikawa nafumua kimyakimya na kushona upya kwa mkono kabla Bi Rukia hajaona. Alikuwa anaona. Siku moja alinishika mkono wenye sindano akasema, "Mwanaidi, nani amekufundisha?" Nikasema bibi yangu alikuwa akifua na kurekebisha nguo za watu. Akasema, "Mwezi ujao Bi Tatu anarudi Tanga kabisa, kiti chake kitakuwa wazi. Lakini kile ni kiti cha mwanachama. Sijaiweka mimi kanuni hiyo na siivunji mimi." Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu: "Bibi yako alikuwemo?"

Nikasema ndiyo.

Sikudanganya, na hilo nataka lieleweke. Nilikuwa naamini. Tangu nikiwa mdogo nilimsikia Bibi Mwanamkasi akiyataja magauni ya siku ile moja moja: la fulani lilikuwa na vifungo vya kome, la fulani mkono mmoja ulikuwa mrefu, la fulani lilitiwa kanji mpaka likasimama peke yake. Mtoto anayesikia hivyo hamuulizi bibi yake kama alikuwepo. Atayajuaje basi? Kichwani mwangu nilimwona yuko katikati ya mstari, anatembea, anawakagua wenzake kola.

Uthibitisho wa siku zile ulikuwa kaseti. Ulituma kaseti tupu kwa mtu anayesafiri, katibu wa Tanga akaenda nayo kwa mzee na redio yake, mzee akasema alikuwa wapi siku ya mstari. Kisha katibu huyo aliishona ndani ya kitambaa cheupe, pande zote nne, kwa uzi wa rangi aliyoichagua mwenyewe na kuitaja kwa simu, na ilifumuliwa mbele ya kikao, haijasikilizwa na mtu yeyote. Hiyo ilitokana na mwanamke mmoja ambaye kaseti yake ilionekana imekatwakatwa na kuungwa. Kwa hiyo wakaweka kanuni kwamba hata mwenye kaseti asiisikie kabla. Walijiona werevu sana.

Nilingoja wiki saba. Bi Tatu alipoondoka kiti chake kilibaki kitupu dirishani, cherehani imefunikwa kitambaa, na mimi napita na fagio. Jikoni kulikuwa na tundu la kupitishia sahani, likifungwa kwa kibao kisichofunga vizuri, na nikiwa naosha masufuria nilimsikia katibu wetu, Bi Asia, Mzanzibari kwa baba, mwenye ulimi, akimwambia Bi Rukia: "Mwenyekiti, yule mpishi wako ana kiburi. Nilimwambia kola hii ikoje, akaniuliza nataka ukweli au nataka chai."

"Ukachukua kipi?"

"Nikachukua chai. Lakini mwenzangu, asiye na ukoo unamweka dirishani? Kesho na yule Msomali wa dukani atataka kadi."

"Ana ukoo. Kaseti inakuja."

"Na isipokuja?"

"Basi atafagia," akasema Bi Rukia. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa, jambo analikata kama kitambaa, mkasi unapita mara moja tu. Nikamaliza masufuria. Jioni nilimsimulia Solange nyuma ya shuka yetu, naye akacheka kicheko chake cha kwikwi. "Bamama yenu banauliza nkambo yako, bibi yako, alifanya nini. Na weye je, banakuuliza unafanya nini?" Nikamwambia kwao labda hawana mambo hayo. "Kwetu iko mingi kushinda yenu," akasema. "Njo maana nilikimbia."

Kaseti ilifika na mwanamke aliyekuja kununua mablanketi. Uzi ulikuwa mwekundu, kama ilivyotajwa. Kikao kilikuwa Jumapili baada ya swala ya adhuhuri, chumba cha mashono kimefagiwa na mimi mwenyewe, cherehani zimesukumwa ukutani, akina mama kumi na mmoja kwenye mikeka na viti, na sinia la kalimati nililokaanga asubuhi. Latifa alikuwa na miaka minane, yuko chuoni anasoma Kurani, hakuwepo. Bi Rukia alikaa mbele, na ukutani juu yake palikuwa na bendera ndogo aliyoibeba kila mwaka kwenye maandamano yetu ya Desemba. Lakini jina lake kubwa kuliko uenyekiti lilikuwa jingine. Wote tulijua, na wageni waliambiwa kabla hawajavua viatu: Bi Rukia alikwenda bomani tumboni mwa mama yake. "Wengine mmesimuliwa," alizoea kusema, "mimi nilikuwemo." Bi Asia alifumua ule uzi mwekundu kwa ncha ya mkasi, akaipuliza kaseti, akaitia kwenye redio.

Kwanza tulisikia kuku. Halafu sauti ya bibi yangu, ambayo sikuwa nimeisikia tangu niondoke. "Wewe mtoto, toka nje, unanipumulia. Kaa huko nje, nikimaliza nitakuita, ndipo ushone hicho kitambaa chako." Mlango ukalia nyuma ya katibu. Akina mama wakacheka, hata Bi Rukia. Bibi akasalimia, akauliza baridi ya huko ikoje, akaniambia nivae soksi. Kisha akasema hivi, na nimeisikiliza mara nyingi vya kutosha kuandika bila kukosea:

"Nimeambiwa niseme nilikuwa wapi siku ya mstari. Nilikuwa kwangu. Nilikuwa napiga pasi. Magauni yote yale niliyafua mimi na kuyatia kanji mimi, siku tatu, na asubuhi ile wakaja kuyachukua yakiwa na moto wa mkaa. Wakaondoka. Mimi nani angenivisha? Langu sikuwa nalo."

Bi Asia akafyonya. Si kwa sauti kubwa, lakini chumba kidogo. Nikaona macho yanahama kutoka kwenye redio kuja kwangu na kutoka kwangu kwenda kwenye kile kiti cha dirishani. Nilijua kimekwenda. Nikaanza kufikiria nitatoka kwa mlango gani, wa jikoni au wa mbele, na kama nichukue sufuria langu. Lakini bibi alikuwa hajamaliza.

"Hatukubaki watu wengi mtaani. Mimi, na wagonjwa, na Mwantumu binti Kombo. Mwantumu alikuja kuchukua gauni lake, uchungu ukamshika mlangoni pangu. Alikuwa ndiye abebe bendera. Akalia, si kwa uchungu, alilia kwa ajili ya mstari, anausikia unapita barabarani, wanaimba, na yeye yuko chini. Nikamzalisha juu ya blanketi langu la kupigia pasi. Mtoto wa kike. Kitambaa safi sina, nguo zote zimevaliwa, nikamfunga mtoto kwa lile gauni. Bendera akaibeba mwingine. Jioni waliporudi Mwantumu akaniambia, Mwanamkasi, watu wakiuliza, sema nilikwenda. Nami nikasema, wakiuliza. Hawakuniuliza. Mmeniuliza ninyi leo. Nasikia yule mtoto yuko huko kwenu, mkubwa wa watu. Nisalimieni. Mwambieni lile gauni halikurudi kwangu kufuliwa. Lilikuwa na kome sita."

Mkanda uliendelea kuzunguka, kuku wakaendelea. Bi Asia alinyoosha kidole kuzima na Bi Rukia akasema, "Acha, huenda ana jingine." Hakuwa na jingine ila mwito, "Haya njoo ushone." Kisha tap.

Nimekaa kwenye vyumba vingi vyenye kimya. Nimekaa vya msiba, nimekaa vya polisi. Miaka ya baadaye, wakati wa fujo za Alexandra, wageni walipokuwa wakipigwa, nilikaa na wapangaji wangu nyuma ya mlango huu tukisikiliza barabara. Lakini kimya cha Jumapili ile nakikumbuka kwa harufu, harufu ya kalimati na mafuta ya cherehani. Hakuna aliyemtazama Bi Rukia. Wote walitazama sinia. Yeye alikuwa ametazama mikono yake, ameigeuza viganja juu, kama mtu anayeangalia kama imetakata. Je, alikuwa anajua? Nimejiuliza miaka yote. Nadhani mama yake alimwambia nusu, na nusu nyingine hakuwahi kuiomba.

Kisha akainua kichwa. "Nani ana neno?" akauliza. Nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: kama kwangu haitoshi, kwako imetosha vipi? Na wanaonijua leo hawaamini kwamba nilikaa nalo. Nilikitazama kile kiti cha dirishani na nikafunga mdomo. Bi Asia naye akafunga, na wote. "Basi," akasema Bi Rukia. Kitabu cha kikao kiliandikwa hivi, nimekisoma baadaye kwa kidole changu: kaseti ya Mwanaidi imesikilizwa, Mwanaidi amepokelewa. Wakala kalimati. Wakati wa kuondoka Bi Rukia akaitoa kaseti kwenye redio, akaja jikoni, akaniwekea kwenye mkono wenye povu la sabuni. Angeweza kuikanyaga. Angeweza kusema itatunzwa na tawi. "Ya bibi yako," akasema. "Kesho njoo na mkasi wako."

Solange nilimweleza yote. Alikuwa anachambua nywele za bandia mapajani, hakuinua macho. "Sasa bamekupokea juu ya nkambo yako, ao juu ya kinywa yako ulifunga?" Nikamwambia alale. Nilikuwa na hasira naye wiki nzima.

Nikakaa dirishani. Nilishona vizuri, na sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Nilikuwa nasubiri Bi Rukia aniseme, au aniogope, au anipendelee, na hakufanya hata kimoja. Alinifokea kuhusu vishikizo kama alivyomfokea kila mtu. Baada ya siku kadhaa tu alikuja na futi shingoni akauliza, "Bibi yako kifua chake kikoje?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akakata kitambaa cheupe mwenyewe, akakishona mwenyewe baada ya sisi kumaliza kazi, cherehani yake moja ikilia peke yake, na kome akazitafuta Fordsburg duka kwa duka mpaka akapata sita zinazofanana. Gauni likaenda Tanga na mtu. Sikuambiwa niseme asante wala nisiseme.

Halafu ikaja Desemba. Kila mwaka tulivaa meupe tukatoka kwa Bi Rukia, tukazunguka mitaa miwili, tukapita msikitini, tukasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, kama watu wenye adabu mpaka iwake kijani, tukarudi kula. Wenye maduka walitoka kututazama. Asubuhi ile nilifika mapema na gauni langu jipya kwenye mfuko, nikamkuta Bi Rukia chumba cha mashono amesimama mbele ya meza ya pasi, bakuli la kanji pembeni, magauni ya wote yamerundikwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikanyoosha mkono kuchukua pasi, akanipiga kofi dogo la vidole. "Vaa." Alipiga pasi magauni kumi na moja, kola, mkono, mkono, mgongo, akampa kila mmoja lake likiwa na moto. La kwake mwenyewe halikuwemo.

"Mwenyekiti, tunakungoja wewe," Bi Asia akaita kutoka barazani, bendera mkononi.

"Nendeni. Magoti."

"Magoti yamefanya nini? Jana ulipanda ngazi!"

"Yamezeeka jana baada ya ngazi. Bendera kaa nayo wewe. Nendeni, wali utaungua."

Bi Asia aliitazama bendera, akamtazama yeye, akatangulia getini. Tukapanga mstari. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nikipita kwenye ujia wa kando, chini ya lile dirisha, nikageuka. Pini ilikuwa imemdondoka. Nilimwona kwa dirisha akiinama kuiokota, chini kabisa, visigino vyote sakafuni, kama msichana wa miaka kumi na tano. Hakuandamana tena maisha yake yote. Kila Desemba alibaki na pasi, na kila mwaka wapya waliambiwa ni magoti, na madaktari wa mitaani wakamletea dawa za kuchua. Alizipokea zote. Na yale maneno ya "mimi nilikuwemo" sikuyasikia tena kinywani mwake. Watu wengine ndio waliendelea kumsemea, mpaka yakafika kwenye karatasi ya Latifa.

Jibu la bibi lilikuja mwanzo wa mwaka uliofuata, kwenye kaseti nyingine ambayo haikushonwa. Nilimwekea Bi Rukia kwenye redio tukiwa wawili. "Gauni limefika," bibi akasema. "Mwambieni mtoto wa Mwantumu mshono nimeukubali. Pasi bado. Afundishwe na mjukuu wangu." Bi Rukia alicheka mpaka akafuta macho kwa futi. Ndiyo mara pekee tuliyoongea jambo lile, na hatukusema neno.

Basi Jumamosi ya arobaini nilikwenda Mayfair na redio ya zamani na betri, kwa sababu umeme hatuuamini. Kaseti nilikuwa nimeishona ndani ya kitambaa cheupe, uzi mwekundu, mkono wangu mwenyewe. Baada ya khitma, wanaume wakiwa wameondoka na sahani zimekusanywa, wale akina mama walikaa mikekani, wengi wao vijana, katibu mpya na simu yake ya kuandikia. Wale kumi na mmoja wa siku ile wamekufa au wamerudi nyumbani. Nimebaki mimi. Latifa akaniletea kalamu, na mimi nikaiweka ile karatasi mkekani, nikampa mkasi na kile kifurushi.

"Ni nini, Anti?"

"Ushahidi wako. Fumua. Mimi siweki sahihi hapo mpaka hao wote wamesikia. Na ukisikia usinichukie mpaka iishe."

Akakata kitambaa pamoja na uzi. Nikasema hapana haja ya kukata, uzi unavutwa. Kuku wakalia, bibi akamfukuza yule mtoto, vijana wakacheka palepale tulipocheka sisi. Kisha nikamtazama Latifa peke yake. Kiswahili cha kujibu kinamkwama, cha kusikia anacho chote. Bibi alipofika kwa Mwantumu, Latifa aliweka mkono mdomoni. Bibi alipofika kwenye gauni, aliutoa. Hakuniambia nizime. Ilipoisha nikasema yangu, kwa sababu katibu alikuwa tayari anatikisa kichwa kuhusu kanuni. Nikawaambia: mimi niliingia humu kwa kunyamaza, si kwa bibi yangu. Nilimwona mwenyekiti wenu akikataa kutembea miaka yote ile akiwa na magoti mazima, na nikaacha mseme ni mgonjwa. Kama ukoo ni mstari tu, nifuteni mimi kwanza, jina langu liko juu. Cherehani ni zangu, hazitaki kadi. Lakini siku yangu ikifika nataka nioshwe na ninyi, kwa hiyo sisemi hivi kwa kuwadharau.

Wakakaa kimya. Hiki hakikuwa kama kile cha zamani. Hiki walikuwa wananitazama.

Latifa ndiye aliyeongea. Alichukua ile karatasi ya Kiswahili, akaikunja, akamgeukia katibu. "Andika," akasema, akatafuta maneno, "eish, andika hivi. Mama amezaliwa siku ya mstari. Kwa dobi. Dobi jina lake..." Akanitazama.

"Mwanamkasi."

"Mwanamkasi. Andika na yeye. Halafu piga kura, kama mnataka kupiga."

Walipiga wiki iliyofuata, na mimi nilikataa kuhudhuria kwa sababu jambo lilinihusu. Latifa alinipigia simu akiwa barazani kwa mama yake, nasikia kelele za wanawake nyuma. "Tumeingia, Anti. Wewe umebaki, mimi nimeingia. Lakini wanauliza, Desemba nani anabeba bendera? Wanasema wewe, ndiye mkubwa."

Nikamwambia abebe yeye, mgongo wake bado mnyoofu. Waniletee magauni mapema, yakiwa yamefuliwa. Mimi nabaki na pasi.